Mali Bila Daftari: Dereva wa Lori Anapoandikiwa Barua ya Ukaguzi wa Kodi ya Mafuta

Katika familia nyingi zinazozungumza Kiswahili hapa Marekani, barua ya serikali haifunguliwi na aliyeandikiwa. Hufunguliwa na mtoto anayesoma chuo. Baba yuko barabarani siku ya nne, mama yuko zamu ya usiku, na bahasha inakaa juu ya meza ikimngoja msomi wa nyumba arudi wikiendi.

Wanachama kadhaa wa chama chetu tuna baba, mjomba au kaka anayeendesha lori. Wengi wao walianza kwa kuajiriwa, wakajinyima, wakachukua mkopo, wakanunua lori lao. Siku mtu anapomiliki lori lake huwa bosi wa nafsi yake, lakini siku hiyohiyo huwa pia karani, mhasibu na mtunza kumbukumbu, kazi ambazo hakufundishwa na mtu. Barua tunayoizungumzia hapa ni ile ya idara ya kodi ya jimbo inayosema kwamba hesabu zake za kodi ya mafuta zitakaguliwa. Tunataka kueleza barua hiyo inadai nini, kwa nini dereva mwaminifu kabisa anaweza kujikuta akidaiwa maelfu ya dola, na sisi watoto wao tunaweza kusaidia wapi.

Tuanze na neno lenyewe, kwa kuwa sisi ni chama cha lugha. Mtoto akisoma barua ile kwa haraka na kusema, "Baba, serikali inakuchunguza," mzee atasikia polisi na mahakama. Akisema, "Wanakupeleleza," ni vibaya zaidi. Neno linalofaa ni ukaguzi. Mkaguzi hukagua vitabu vya hesabu vya shule, vya ushirika, vya msikiti au vya kanisa, na hakuna anayedhani kwamba mweka hazina amekwisha kuiba. Neno hilo peke yake linaweza kumpa mzee utulivu wa kukaa chini na kusikiliza yaliyobaki.

KODI INAYOFUATA GURUDUMU

Mjomba wa mmoja wetu aliendesha malori miaka mingi kati ya Mombasa na Kampala kabla ya kuja Ohio. Kule, anasema, kodi ya mafuta haikuwahi kumnyima usingizi. Nchini Kenya tozo ya matengenezo ya barabara, iliyowekwa kwa sheria ya 1993, imo ndani ya bei ya kila lita. Ukishalipa pampuni umemaliza. Kilichomsumbua ni mizani ya Mariakani na foleni ya Malaba.

Hapa pia kodi imo ndani ya bei ya dizeli, lakini mambo hayaishii pampuni. Kila jimbo lina kiwango chake, na kila jimbo linataka kodi ya mafuta yaliyochomwa katika barabara zake, hata kama yalinunuliwa jimbo jingine. Lori kubwa linaweza kujaza tangi Ohio asubuhi na kulichoma lote Pennsylvania na New Jersey. Nani apate kodi ile?

Jibu ni Mkataba wa Kimataifa wa Kodi ya Mafuta, ambao madereva wote wanauita IFTA. Ulianza 1983 kwa majimbo matatu: Arizona, Iowa na Washington. Sheria ya taifa ya 1991 ikayasukuma majimbo mengine yajiunge kabla ya Oktoba 1996. Leo wanachama ni majimbo 48 ya Marekani na majimbo 10 ya Kanada. Alaska, Hawaii na mji wa Washington, D.C., hawamo. Dereva hupata leseni moja kutoka jimbo lake la nyumbani, hubandika stika mbili ubavuni mwa lori, moja kila upande, na hupeleka hesabu kwa jimbo hilo peke yake. Jimbo hilo ndilo linalogawa fedha kwa mengine.

Mkataba unayahusu malori yanayovuka mipaka ya majimbo na yenye uzito wa zaidi ya ratili 26,000, au yenye ekseli tatu na kuendelea, hata yawe na uzito gani. Hesabu hupelekwa mara nne kwa mwaka: mwisho wa Aprili, wa Julai, wa Oktoba na wa Januari. Hata kama lori lilikaa gereji miezi mitatu bila kusogea, hesabu ya sifuri lazima iende. Ukichelewa, faini ni dola 50 au asilimia 10 ya kodi unayodaiwa, kutegemea ipi ni kubwa, na juu yake kuna riba.

HESABU NDOGO YA MFANO

Tuchukue mfano rahisi kwa viwango vya 2023, wakati Ohio ilitoza senti 47 kwa galoni ya dizeli na Pennsylvania senti 78.5. Katika miezi mitatu dereva amekwenda maili 24,000, nusu Ohio na nusu Pennsylvania. Amenunua galoni 4,000, zote Ohio kwa sababu bei ilikuwa nafuu. Gawanya maili kwa galoni: lori lake linakwenda maili 6 kwa galoni moja.

Kwa hiyo, kimahesabu, amechoma galoni 2,000 katika kila jimbo. Pennsylvania inamdai 2,000 mara senti 78.5, yaani dola 1,570. Ohio alilipa kodi ya galoni 4,000 lakini alitumia 2,000 tu humo, hivyo anarudishiwa dola 940. Tofauti ni dola 630, na hizo ndizo anazotuma pamoja na hesabu yake.

Angalia ni tarakimu ngapi zimebeba jibu lile: maili zote, maili za kila jimbo, galoni zote, na mahali zilikonunuliwa. Zote amezitaja dereva mwenyewe. Ukaguzi ni kumuuliza: umezijuaje?

KWA NINI MIMI?

Hilo ndilo swali la kwanza la kila mzee, na jibu la kweli humpunguzia mzigo. Mkataba unalitaka kila jimbo likague kwa wastani asilimia 3 ya akaunti zake kila mwaka. Lazima wapatikane wa kukaguliwa. Ni kweli kwamba mambo fulani huvuta macho: hesabu zinazochelewa kila mara, maili zinazoishia na sifuri tatu kila robo mwaka, au lori linalodaiwa kwenda maili nyingi kwa galoni kuliko inavyoaminika. Lakini kuchaguliwa si ushahidi wa kosa.

Jimbo la nyumbani hukagua kwa niaba ya wanachama wote, kwa hiyo dereva hatapata barua 48. Hupewa taarifa ya maandishi angalau siku 30 kabla. Mara nyingi ukaguzi huu huunganishwa na ule wa usajili wa lori, kwa sababu ada ya usajili nayo hugawanywa kwa maili za kila jimbo. Daftari ni lilelile.

MKAGUZI ANATAKA KUONA NINI

Mambo makubwa ni mawili: maili na mafuta.

Kwa maili, kila safari inatakiwa iwe na kumbukumbu yake: tarehe ya kuanza na ya kumaliza, mji wa kutoka na wa kufika, barabara zilizopitwa, namba ya odomita mwanzo na mwisho, jumla ya maili, maili za kila jimbo, na namba ya lori. Maili zote zinahesabiwa. Kurudi mtupu bila mzigo kunahesabiwa. Kuliendesha lori kwenda kula chakula au kulirudisha nyumbani kunahesabiwa pia. Madereva wengi huandika maili walizolipwa na dalali wa mizigo, na hapo ndipo shimo linapoanzia, kwa sababu dalali halipi maili za kwenda kufuata mzigo.

Kwa mafuta, risiti iwe na tarehe, jina na anwani ya muuzaji, idadi ya galoni, aina ya mafuta, bei, namba ya lori na jina la mnunuzi. Anayevuta trela la jokofu awe mwangalifu zaidi: dizeli ya kuendeshea jokofu haisukumi lori, kwa hiyo haimo katika hesabu hii. Ikiwa imechanganywa na ya tangi kuu kwenye risiti moja bila kutenganishwa, ni tabu.

Kumbukumbu hizi zote zinatakiwa kutunzwa kwa miaka minne, tangu siku hesabu ilipotakiwa kufika au siku ilipofika, kutegemea ipi ni ya baadaye. Vijana wengi hudhani kifaa cha kielektroniki cha saa za kazi kilichomo ndani ya lori kimekwisha kumaliza kazi hiyo. Hakijamaliza. Kifaa kile kiliwekwa kwa ajili ya kuhesabu saa za kuendesha na kupumzika. Sheria ya saa za kazi inataka kumbukumbu zake zitunzwe miezi sita tu, na lori likiwa mwendoni kinalazimika kuandika mahali lilipo mara moja kwa saa. Ndani ya saa moja, mashariki mwa nchi, lori linaweza kukanyaga majimbo mawili au matatu. Kama kampuni ya kifaa inauza huduma ya ziada ya maili za kila jimbo, hakikisha unapakua taarifa zake kila robo mwaka na kuziweka kwako. Ukibadilisha kampuni, huenda zikaondoka nayo.

DAFTARI LIKIKOSEKANA

Hapa ndipo mwaminifu anapoumia sawa na mdanganyifu. Kanuni za mkataba zinasema makadirio ya jimbo yanachukuliwa kuwa ni sahihi, na kazi ya kuthibitisha vingine ni ya mwenye leseni. Dereva anaweza kukumbuka kila kona ya safari ile, lakini kumbukumbu ya kichwani haina uzito mbele ya mkaguzi.

Kumbukumbu zisipotosha, mkaguzi anaweza kupunguza kwa asilimia 20 kiwango cha maili kwa galoni alichokitaja dereva, au kukishusha hadi maili 4 kwa galoni. Turudi kwenye mfano wetu. Kwa maili 4, lori lile linahesabiwa kuwa limechoma galoni 6,000 badala ya 4,000, yaani 3,000 kila jimbo. Pennsylvania sasa inadai dola 2,355. Ohio inarudisha kodi ya galoni 1,000 tu, dola 470. Jumla ni dola 1,885. Alikwisha kulipa 630, kwa hiyo anadaiwa 1,255 zaidi.

Na kama risiti nazo hazipo? Basi hahesabiwi kuwa amelipa kodi pampuni hata kwa galoni moja, ingawa alilipa. Ohio inadai dola 1,410, Pennsylvania 2,355, jumla 3,765. Toa 630, linabaki deni la dola 3,135. Hiyo ni robo mwaka moja. Ukaguzi ukichukua miaka mitatu yenye safari kama hizo, ni robo 12, na deni linafika dola 37,620 kabla ya faini na riba. Kwa mwenye lori moja la mkopo, fedha hizo ni lori lenyewe.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Tumeisikia methali hiyo darasani tukaiona ya wafanyabiashara wa zamani. Kumbe inamhusu hata mwenye magurudumu 18.

BARUA IMEFIKA: TUFANYE NINI?

Kwanza, isomeni barua yote, mkiwa pamoja, kwa sauti. Andikeni pembeni mambo manne: jina la mkaguzi, miaka inayokaguliwa, orodha ya hati zinazotakiwa, na tarehe ya mwisho. Kunyamaza ndilo kosa la gharama kubwa kuliko yote. Asiyejibu hukadiriwa, na leseni yake yaweza kufutwa.

Pili, piga simu mapema. Kama muda hautoshi kwa sababu mzee yuko Texas na mzigo, omba uongezewe, na uombe jibu kwa maandishi. Uliza kama idara ina mkalimani. Ikiwa ni wewe mtoto utakayezungumza kwa niaba yake, uliza fomu ya uwakilishi ambayo mzee anatakiwa kuitia saini, kwani mkaguzi hawezi kujadili kodi ya mtu na mtu mwingine kwa sababu tu ni mwanawe.

Tatu, soma mkataba wa kazi. Madereva wengi wamelikodisha lori lao kwa kampuni kubwa zaidi na wanabeba mizigo chini ya jina lake. Mkataba wa zaidi ya siku 29 unaweza kusema nani analeta hesabu za kodi ya mafuta, mwenye lori au kampuni. Mkataba ukinyamaza, mzigo ni wa kampuni. Ni aibu kulipia kisichokuhusu.

Nne, kusanya na kupanga. Panga kwa robo mwaka, kisha kwa mwezi, kisha kwa safari. Linganisha odomita ya mwisho wa safari moja na ya mwanzo wa safari inayofuata. Pengo likionekana, litafutie maelezo kabla mkaguzi hajaliona. Risiti zilizofifia, chukua taarifa za kadi ya mafuta. Karatasi za safari zilizopotea, tafuta hati za mizigo, malipo ya dalali, risiti za gereji zenye namba ya odomita, na taarifa za malipo ya barabara.

Mjomba yule wa Mombasa alipokaguliwa alikuwa na risiti zote ndani ya boksi la viatu, lakini karatasi za safari za miezi kadhaa hazikuwepo. Binamu wawili walikaa naye Jumamosi tatu mfululizo, hati ya mzigo baada ya hati ya mzigo, wakichora upya njia zake kwenye jedwali la kompyuta. Kila mstari waliandika umetokana na karatasi gani. Hawakuandika karatasi mpya na kuzitia tarehe za zamani, na hilo ni jambo la kusisitiza. Hesabu iliyojengwa upya kwa hati za kweli ni haki yako kuileta, na mkaguzi ataipima. Karatasi ya kutunga ni udanganyifu, nayo hugeuza ukaguzi kuwa kesi. Mwisho wa yote mjomba alilipa, lakini alilipa tofauti ya miezi michache tu, na lori bado analo.

Tano, hudhuria vikao. Mwanzoni mkaguzi hueleza atakagua vipi, na mara nyingi huchagua robo mwaka chache za mfano, kisha makosa atakayoyakuta huenezwa katika kipindi chote. Kwa hiyo swali la robo zipi zitachaguliwa ni swali la fedha. Kama robo moja ilikuwa ya ajabu, kwa mfano lori lilikuwa bovu au dereva alikuwa mgonjwa, semeni hapohapo. Mwishoni hukaa tena na kueleza alichokikuta. Ulizeni kila tarakimu imetoka wapi. Ukaguzi unaweza pia kuonyesha kwamba dereva alilipa zaidi ya alichodaiwa, na hilo linatakiwa kuingizwa katika hesabu.

Sita, kama hamkubaliani na matokeo, kuna rufaa. Mwenye leseni ana siku 30 tangu kupewa taarifa ya matokeo kuomba kwa maandishi shauri lake lisikilizwe. Siku hizo zikipita, mlango hufungwa. Deni likiwa kubwa, huu ndio wakati wa kumlipa mhasibu anayejua kazi za malori. Mtafsiri mzuri si lazima awe mhasibu mzuri, na hatusemi hivyo kwa kujidharau.

KAZI YETU SISI

Msaada wetu mkubwa hauko siku ya barua. Siku ile karibu kila kitu kimekwisha kuamuliwa na alichokiandika au asichokiandika dereva miaka miwili iliyopita, saa tano usiku, katika kituo cha malori. Msaada wetu uko kabla. Dakika 20 kila mwisho wa mwezi zinatosha: piga picha za risiti kabla wino haujafifia, pakua maili za GPS, andika odomita ya siku ya kwanza na ya mwisho ya mwezi, weka vyote katika folda yenye jina la robo mwaka, na nakala nyingine mahali pengine.

Jambo hili pia ni somo la Kiswahili ambalo hatukulikuta katika kitabu chochote cha darasani. Tulipoanza kuandika makala hii tuligundua kwamba tunajua kusema "nilikwenda sokoni kununua maembe", lakini hatukujua kumwambia mzazi kwa Kiswahili sanifu kwamba kodi yake ya robo ya tatu imekadiriwa upya kwa sababu karatasi za safari hazikutosha. Sasa tunajua. Wazee nao wametufundisha yao: kwao kurudi bila mzigo ni "kurudi mtupu", na aliyezoea njia za Mombasa bado humwita msaidizi wake utingo, ingawa hapa utingo hayupo na kiti cha pili kimejaa makaratasi.

Makaratasi hayo ndiyo ya kuanza nayo. Kama nyumbani kwenu kuna dereva, muulize wikiendi hii risiti za robo iliyopita ziko wapi. Na kama wazee wako wana maneno yao ya vitu tulivyovitaja hapa, yaandike utuletee mkutanoni, tuyaweke katika orodha ya maneno ya chama.